Mgawanyo wa Silabi na Mahali pa Mkazo katika Maneno Ambatani Marefu ya Kiswahili: Mazingira ya Chewele na Bonde la Mto Tana

1. UTANGULIZI

Majina ya mahali katika bonde la Mto Tana yanatosha peke yake kumwonyesha mwanafunzi wa lugha kwamba silabi haijengwi kwa namna moja kila mahali. Chewele ni jina lenye silabi tatu, che-we-le, na kila silabi inaishia kwa irabu. Garsen, mji ulio chini zaidi kando ya mto huo huo, una jina la silabi mbili, Gar-sen, na kila moja imefungwa kwa konsonanti. Mnazini, kijiji kingine cha mtoni, kina jina la sura ya tatu, m-na-zi-ni, ambamo sauti m pekee, isiyo na irabu yoyote, ni silabi kamili. Msemaji anayeyataja majina haya matatu kwa pumzi moja amekwisha kupita katika aina tatu za silabi bila yeye mwenyewe kutambua.

Chewele ni wadi katika eneo la ubunge la Bura, Kaunti ya Tana River, nchini Kenya. Katika bonde hilo Kiswahili kinakutana na lugha za asili mbalimbali. Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo za mto, wana lugha ya Kibantu iliyo katika kundi moja na Kiswahili, yaani kundi la Sabaki, pamoja na Kikomoro, lugha za Wamijikenda na Kielwana. Waorma, wafugaji wa nyika, pamoja na Wamunyoyaya, wana lugha za Kikushi zilizo za ukoo wa Kioromo. Wako pia wasemaji wa Kisomali. Tena mradi wa umwagiliaji maji wa Bura, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ulileta walowezi kutoka sehemu nyingi za Kenya, kila mmoja na lugha ya kwao. Watu hawa wote wanapokutana sokoni, zahanatini au darasani, aghalabu Kiswahili ndicho kiungo chao.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno ambatani marefu ya Kiswahili yanavyogawanywa katika silabi, na jinsi mgawanyo huo unavyoamua mahali pa mkazo. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lina uzito wake. Maneno marefu ya namna hii mara nyingi ni maneno ya elimu, ya utawala na ya sheria. Mtoto wa Chewele hukutana na maneno kama kipimajoto, kiinuamgongo au mwanaisimujamii katika maandishi kabla hajapata kuyasikia kinywani mwa mtu. Hana sikio la kumwongoza; ana jicho tu. Akikosea kuyagawanya, ataweka mkazo pasipo pake, na neno ambalo pengine angelitambua litampita kama neno geni.

Katika mifano inayofuata, kistari kinatenga silabi, na silabi yenye mkazo mkuu imeandikwa kwa herufi kubwa.

2. SILABI YA KISWAHILI

Silabi ya kawaida ya Kiswahili ni wazi, maana yake inaishia kwa irabu. Inaweza kuwa irabu peke yake, kama o katika o-a. Konsonanti na irabu, kama katika ba-ba. Konsonanti, kiyeyusho na irabu, kama katika kwe-li na mwe-zi. Au konsonanti iliyotanguliwa na nazali, kama katika nyu-mba, ku-ndi na nge-nge. Katika aina hii ya mwisho nazali na konsonanti inayoifuata ni kitu kimoja, wala hazitenganishwi.

Yako mambo matatu ambayo hayana budi kuangaliwa kwa makini zaidi.

Jambo la kwanza ni irabu mbili zinazofuatana. Katika Kiswahili kila irabu ni silabi yake. Kaa ni ka-a, juu ni ju-u, jamii ni ja-mi-i. Ijapokuwa sikio husikia sauti moja iliyovutwa, kwa hesabu ya mkazo hizo ni silabi mbili.

Jambo la pili ni nazali iliyo silabi. Kiambishi m- cha ngeli ya mtu na cha ngeli ya mti kilitokana na mu-. Irabu u imedondoka, lakini nafasi yake katika hesabu ya silabi haikudondoka pamoja nayo. Kigiriama, ambacho nacho husemwa katika sehemu za kusini za bonde hili, bado husema mutu, yaani mu-tu. Kiswahili husema mtu, yaani m-tu. Idadi ya silabi ni ile ile, na mkazo unabaki mahali pale pale: MU-tu kwa upande mmoja, M-tu kwa upande mwingine. Kwa hiyo m ya mtu hubeba mkazo mzito kama vile ilivyo irabu yoyote.

Kutokana na hayo, herufi zile zile zaweza kuwa na migawanyo miwili. Mbuni, ndege mkubwa wa nyika, ni mbu-ni, silabi mbili. Mbuni, mti wa kahawa, ni m-bu-ni, silabi tatu, na vivyo hivyo mbuni ambaye ni mtu aliyebuni jambo. Katika “nyumba mbaya” sifa ni mba-ya. Katika “mtu mbaya” ni m-ba-ya. Mwandiko hautofautishi, msemaji hutofautisha.

Jambo la tatu ni maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zisizo na nazali wala kiyeyusho, kama maktaba, labda na daktari. Wako wanaogawanya mak-ta-ba, na wako wanaokataa silabi funge na kutafuta njia nyingine. Mjadala huo ni halali, lakini hauhitaji kumchelewesha msomaji hapa, kwa sababu kwa vyovyote vile mkazo wa maktaba unaangukia ta, na wa daktari unaangukia ta vile vile.

3. MKAZO NA KANUNI YAKE

Kanuni ya mkazo wa Kiswahili inajulikana sana, na vitabu vya sarufi, kikiwamo kile cha Ashton cha mwaka 1944, vimeirudia: mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Lililo muhimu katika kanuni hii ni kwamba mkazo hauna maskani katika mzizi. Unahama kila neno linaporefushwa nyuma. Husemwa SO-ma, kisha so-ME-sha, kisha so-me-SHA-na. Husemwa NYU-mba, lakini nyu-MBA-ni. Husemwa N-chi, lakini n-CHI-ni.

Mfano huo wa mwisho unastahili kutazamwa mara mbili. Neno nchi halina silabi nyingine ya kubeba mkazo isipokuwa n. Kwa hiyo n hiyo, ambayo katika neno refu ingekuwa sehemu tu ya silabi ya konsonanti, inainuliwa kuwa silabi kamili. Hali ni hiyo hiyo kwa mbwa, nge, nta na nne. Kiswahili hakipendi neno lenye maana kamili liwe na silabi moja tu, na nazali ndiyo inayoliokoa.

Maneno yanayokwenda kinyume cha kanuni ni machache, na mengi ni ya mkopo. Lazima hutamkwa na wengi LA-zi-ma. Barabara yenye maana ya njia kuu hufuata kanuni, ba-ra-BA-ra. Barabara yenye maana ya sawasawa huiacha, ba-RA-ba-ra. Hapa mkazo pekee ndio unaotenga maana mbili. Lakini hizi ni tofauti chache, wala haziwezi kuvunja kanuni yenyewe.

4. MANENO AMBATANI NA MPAKA WA VIAMBAJENGO

Neno ambatani ni neno moja lililojengwa kwa maneno mawili au zaidi. Kiswahili kina njia kadhaa za kuyajenga. Iko njia ya jina na jina: bwanashamba, isimujamii, pundamilia. Iko njia ya jina lenye kiambishi, kitenzi na kitendwa chake: kipimajoto, kifunguamimba, kitindamimba, kiinuamgongo. Iko njia ya mwana- na mwenye-, ambayo imezaa maneno mengi kuliko nyingine: mwanafunzi, mwanasiasa, mwanamapinduzi, mwenyekiti.

Maneno haya yana sifa moja ambayo haitajwi mara nyingi. Kwa kuwa kila neno la asili la Kiswahili linaishia kwa irabu, mpaka kati ya kiambajengo na kiambajengo daima ni mpaka wa silabi pia. Hakuna konsonanti ya mwisho ya neno la kwanza inayoweza kuvutwa na neno la pili. Ulinganisho na lugha ya mbali utaliweka wazi jambo hili. Kiholanzi, kama Kijerumani, huunganisha maneno kwa wingi na kuyaandika pamoja, lakini silabi zake nyingi hufungwa kwa konsonanti. Neno kwartslagen laweza kugawanywa kwart-slagen, likawa na maana ya mizunguko ya robo, au kwarts-lagen, likawa na maana ya tabaka za madini ya kwatzi. Msomaji asiyejua maana hawezi kujua pa kukata. Shaka ya namna hiyo haiwezi kulipata neno bwanashamba. Anayelikata katika silabi zake, bwa-na-sha-mba, atakuwa amekwisha kupata mpaka wa viambajengo miongoni mwa mipaka ya silabi.

Upande wa mkazo lugha hizi mbili zinapishana tena. Katika Kiholanzi mkazo mkuu wa neno ambatani kwa kawaida hukaa katika kiambajengo cha kwanza. Katika Kiswahili, kwa kuwa kanuni inahesabu kutoka nyuma, mkazo mkuu hukaa katika kiambajengo cha mwisho. Kiambajengo cha kwanza hakinyang'anywi kila kitu. Kile kilichokuwa mkazo wake mkuu kinashuka daraja na kuwa mkazo mdogo. Kipima, likisimama peke yake, ni ki-PI-ma. Joto ni JO-to. Vikiunganishwa hupatikana ki-pi-ma-JO-to, na silabi pi inabaki na mkazo mdogo. Kifunguamimba ni ki-fu-ngu-a-MI-mba, na mkazo mdogo uko kwenye ngu. Kitindamimba ni ki-ti-nda-MI-mba, na mkazo mdogo uko kwenye ti. Kiinuamgongo ni ki-i-nu-a-m-GO-ngo, silabi saba, na mkazo mdogo uko kwenye nu.

Neno mwanaisimujamii lina viambajengo vitatu na silabi nane: mwa-na-i-si-mu-ja-MI-i. Mkazo mkuu uko kwenye mi, na mikazo midogo miwili iko kwenye mwa na si. Anayelisoma kwa kufuata vituo hivyo vitatu hatapotea, kwa sababu kila kituo kimo katika kiambajengo kimoja cha maana: mwana, isimu, jamii. Kwa hiyo mkazo mdogo si pambo la matamshi. Humwonyesha msikilizaji kwamba neno limejengwa kwa sehemu, na sehemu hizo ni ngapi.

Kutokana na hayo, baadhi ya walimu hutumia mkazo kama kipimo cha kuamua kama maneno mawili yamekuwa neno moja. Kipimo hiki kinafaa, lakini kina mpaka wake. Ni kweli kwamba “bwana” na “shamba” yakisemwa mbalimbali yana mikazo miwili mikuu, na bwanashamba lina mmoja. Hata hivyo, katika usemi wa mfululizo maneno ya kirai kimoja pia hushushwa. Katika “mtu mzuri” neno la kwanza halitamkwi kwa uzito ule ule wa la pili, na hakuna anayedai kwamba hilo ni neno moja. Tofauti ya uzito peke yake, basi, ni ushahidi dhaifu. Ushahidi wenye nguvu hupatikana mkazo unapohama kutoka silabi moja hadi nyingine. Mama yake ni maneno mawili. Mamake ni neno moja, kwa kuwa mkazo umeacha silabi ya kwanza ya mama na kwenda ya pili: ma-MA-ke. Vivyo hivyo MWA-na huwa mwa-NA-ngu, na MWE-nzi huwa mwe-NZA-ngu.

Wala umoja wa matamshi haulazimishi umoja wa umbo. Mwenyekiti lina mkazo mkuu mmoja, mwe-nye-KI-ti, lakini wingi wake ni wenyeviti, na viambajengo vyote viwili hubadilika. Mwanamke huwa wanawake kwa njia hiyo hiyo. Mwanafunzi huwa wanafunzi, na cha kwanza tu ndicho kinachobadilika. Sikio limekwisha kuyafanya neno moja, na sarufi ya ngeli bado inayaona kuwa mawili.

5. MANENO YENYE KIAMBAJENGO CHA MWISHO KIFUPI

Katika mifano iliyotangulia kiambajengo cha mwisho kina silabi mbili au zaidi zenye irabu, na mkazo mkuu umepata mahali pa kukaa bila matata. Matata huanza pale kiambajengo cha mwisho kinapokuwa na irabu moja tu. Maneno mawili ya kila siku, mwanamke na mwananchi, yanatosha kwa mfano.

Katika mwanamke, m ni ile ile ya mtu, iliyotokana na mu-. Ni silabi popote iendapo. Mgawanyo ni mwa-na-m-ke, na mkazo mkuu unaangukia m yenyewe: mwa-na-M-ke. Mgeni wa lugha huona ajabu kwamba konsonanti isiyo na irabu ibebe uzito wa neno zima, lakini ndivyo kanuni inavyotaka.

Katika mwananchi hali si hiyo. N ya nchi haikuwa silabi kwa haki yake. Iliinuliwa tu kwa sababu neno nchi lilipungukiwa. Sasa nchi limeunganishwa na mwana, na neno halipungukiwi tena. Je, n ishuke irudi kuwa sehemu ya silabi nchi, au ibaki na cheo ilichopewa? Majibu yote mawili yana hoja. Anayeihifadhi n kuwa silabi hupata mwa-na-n-chi, silabi nne, na mkazo huwa juu ya n: mwa-na-N-chi. Anayeishusha hupata mwa-na-nchi, silabi tatu, na mkazo huruka mpaka wa viambajengo na kutua katika mwana: mwa-NA-nchi. Katika matamshi haya ya pili silabi iliyopata mkazo ni ile ambayo katika neno mwana haikuwa nao. Viambajengo vimeyeyushana kabisa, kama katika mwanangu.

Tofauti hii ina maana kwa mshairi pia. Shairi la kimapokeo hupimwa kwa mizani, na mpangilio unaotumika zaidi ni mizani kumi na sita kwa mstari, nane kila upande. Mtunzi anayehesabu mwananchi kuwa mizani nne, na mwimbaji anayelitamka kwa tatu, hawatakutana mwisho wa kipande. Kaluta Amri Abedi, aliyetoa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na washairi wengi waliomtangulia, walikuwa wakihesabu silabi za Kiswahili kwa uangalifu mkubwa. Itakuwa vema mtaalamu wa matamshi asiidharau elimu hiyo, kwa kuwa mizani ni hesabu ya silabi iliyofanywa na wenye lugha wenyewe.

6. SILABI ZA CHEWELE

Yaliyoelezwa mpaka hapa yanahusu Kiswahili popote kisemwapo. Katika Chewele yanakutana na masikio yaliyozoezwa na lugha nyingine, na kila sikio huja na mgawanyo wake.

Mtoto wa Kipokomo ana msaada mkubwa nyumbani. Lugha yake ni ya Kibantu, ya ukoo wa karibu na Kiswahili. Ina viambishi vya ngeli, na silabi wazi ndiyo kawaida yake. Akiambiwa agawanye kipimajoto, hana sababu ya kuweka konsonanti mwishoni mwa silabi.

Mtoto wa Kiorma huja na mazoea mengine, ambayo nayo ni kamili na yana utaratibu wake. Lugha za ukoo wa Kioromo huruhusu silabi funge. Arba, yaani tembo, ni ar-ba. Harka, yaani mkono, ni har-ka. Konsonanti mbili zikikutana katikati ya neno, ya kwanza hufunga silabi iliyotangulia na ya pili hufungua silabi inayofuata. Tena urefu wa irabu hutenga maana: katika Kioromo cha Ethiopia, ambacho tangu mwaka 1991 kimekuwa na mwandiko rasmi wa herufi za Kirumi, lafa ni ardhi na laafaa ni laini. Urefu wa konsonanti nao hutenga maana: badaa ni baya, baddaa ni nyanda za juu.

Sikio la namna hiyo linapokutana na neno nyumba, njia iliyo rahisi kwake ni nyum-ba, si nyu-mba. Katika neno fupi kama hilo hakuna hasara kubwa, maana mkazo utabaki mahali pake. Lakini katika mwananchi mgawanyo huo hutoa mwa-nan-chi, silabi tatu, na n haiwezi tena kuwa silabi pekee. Msemaji hana uchaguzi kati ya matamshi mawili yaliyoelezwa juu. Mgawanyo wake umekwisha kumchagulia.

Tatizo kubwa zaidi liko katika irabu mbili. Kwa sikio linalotenga lafa na laafaa, ii ya jamii ni irabu moja ndefu, na irabu moja ni silabi moja. Jamii basi huwa ja-mii, silabi mbili, na anayefuata kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho kwa uaminifu ataweka mkazo kwenye ja. Katika mwanaisimujamii atahesabu silabi saba badala ya nane, na mkazo mkuu utaangukia JA. Ni muhimu kuona kwamba mwanafunzi huyu hakuvunja kanuni ya mkazo. Aliifuata kikamilifu. Kilichomponza ni mgawanyo wa silabi, ambao hakufundishwa kwa sababu ilidhaniwa kwamba anao.

Iko pia hali inayokwenda upande wa pili. Irabu yenye mkazo katika Kiswahili huvutwa kidogo. Kwa msemaji wa Kiswahili mvuto huo hauna maana. Ni sura tu ya mkazo. Kwa sikio la Kiorma urefu una maana, na mvuto mdogo wa joto waweza kusikika kuwa jooto. Mwanafunzi akiandika hivyo, mwalimu humsahihisha kwa kalamu nyekundu bila kueleza. Ingefaa aambiwe kwamba alichosikia kilikuwapo kweli, ila katika Kiswahili kinaitwa mkazo, wala hakiandikwi.

Si kwamba mkutano wa lugha katika bonde hili ni jambo geni. Kielwana, lugha ya Kibantu ya sehemu za juu za mto, kimeishi kwa muda mrefu jirani na lugha za Kikushi na kimepokea mengi kutoka kwao. Kwa hiyo darasa la Chewele linaendeleza jambo ambalo mto huo umelishuhudia kwa vizazi vingi.

7. MATUMIZI KATIKA MWANDIKO NA UFUNDISHAJI

Kutokana na maelezo haya yapo mambo manne yanayoweza kumfaa mwalimu, mhariri na mpiga chapa.

Kwanza, neno refu linapokatwa mwishoni mwa mstari, mahali bora pa kukata ni mpaka wa viambajengo: mwana-isimujamii au mwanaisimu-jamii. Mpaka huo, kama ilivyoonyeshwa, daima ni mpaka wa silabi, na humhifadhia msomaji maana.

Pili, nazali isitengwe na konsonanti yake. Huandikwa bwanasha-mba, si bwanasham-ba. Mkato wa nyum-ba na sham-ba, ambao huonekana magazetini na vitabuni, ni mazoea ya mwandiko wa Kiingereza yaliyohamishiwa katika Kiswahili. Kwa mtoto wa Kiorma madhara yake ni maradufu, kwa sababu jicho linathibitisha kosa ambalo sikio lake tayari lilikuwa na mwelekeo wa kulifanya.

Tatu, m iliyo silabi, ingawa kwa hesabu yaweza kusimama peke yake, isiachwe mwishoni mwa mstari. Kiinua-mgongo humfaa msomaji. Kiinuam-gongo humpotosha, kwani humfanya aione m kuwa mwisho wa kiinua.

Nne, mgawanyo wa silabi utangulie kanuni ya mkazo katika mafundisho. Desturi ya kumwambia mwanafunzi “mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho” bila kumhakikishia kwamba anajua silabi ni ipi, ni sawa na kumwambia apande basi la pili ilhali hajui basi ni nini. Darasani inatosha kupiga makofi: kofi moja kwa kila silabi, pamoja na kofi la m na kofi la kila irabu. Ja-mi-i ni makofi matatu. M-tu ni makofi mawili. Mwa-na-m-ke ni makofi manne. Mtoto akishakuwa na makofi yake sawasawa, kofi la pili kutoka mwisho litajitafuta lenyewe.

Kuhusu kuandika pamoja au mbalimbali, kama vile bwana shamba na bwanashamba, mkazo utumike kama shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi. Shahidi wa pili ni uwezekano wa kuingiza neno katikati: haiwezekani kusema “bwana hodari shamba”, bali “bwanashamba hodari”. Shahidi wa tatu ni maana: bwanashamba ni mtaalamu wa kilimo, wala si bwana yeyote aliye na shamba. Mashahidi wote watatu wakikubaliana, hapana sababu ya kuacha nafasi kati ya maneno hayo.

8. HITIMISHO

Neno ambatani refu la Kiswahili halina ugumu ambao urefu wake unautisha. Viambajengo vyake havigombanii konsonanti, mkazo wake mkuu una mahali panapojulikana, na mikazo midogo inaonyesha sehemu zake. Ugumu uko katika mambo mawili madogo: nazali isiyo na irabu, na irabu mbili zinazofuatana. Hapo ndipo msemaji wa lugha nyingine huhesabu tofauti, na hapo ndipo mwalimu hana budi kusimama.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kabla ya hapo, mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi. Mtoto wa Chewele, awe ni wa Kipokomo, Kiorma, Kimunyoyaya au wa mlowezi wa Bura, anapimwa kwa Kiswahili kile kile anachopimwa nacho mtoto wa Mombasa. Ni haki yake aelezwe waziwazi lile ambalo mwenzake wa Mombasa alilinyonya pamoja na maziwa ya mama: kwamba jamii ni makofi matatu, na kwamba m ya mwanamke ina haki ya kofi lake.